Saa Moja ya Mapumziko Katika Mto wa Mchanga

Ninyi mliokabidhiwa juzi ramani, rula na kiti changu kibovu katika ile ofisi ya magari ya kukodi pale Mbarara, mmeniomba niwaandikie jinsi safari inavyopangwa. Nimekaa chini mara tatu kuandika kwa utaratibu, nikianza na mafuta na kumalizia na tairi za akiba. Mara zote tatu kalamu imesimama mahali pamoja: katikati ya mto usio na tone la maji, kaskazini kabisa mwa Uganda, mchana wa jua kali. Kila nikifika hapo mkono unakataa. Kwa hiyo msitarajie utaratibu. Nitawaeleza ninayoyajua kama yanavyonijia, na la mto nitalifikia, maana ndilo hasa ninalotaka mlijue. Aliyestahili kufichwa jambo hili amekwisha kufariki, mbali sana na hapa, na binti yake ameniruhusu kuliandika.

Msinione mzee. Sijafika hata miaka arobaini. Uliostaafu ni mgongo wangu. Barabara ya kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale iliuchosha pingili kwa pingili, nami nikaufuata nyumbani. Nilitoka chuoni na stashahada ya uchukuzi na imani moja nzito: kwamba safari iliyopangwa vibaya ni dhuluma, kwa sababu wanaoumia ni wale wasioweza kulipia gari jingine. Imani hiyo bado ninayo. Kilichobadilika ni kwamba sasa najiogopa mwenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Nilipima kwa rula barabara ya kwenda Ngarama, nikaandika dakika hamsini, nikaipeleka kwaya ya Wakongomani kutoka Misiera, kijiji kimoja cha makazi hayo, kwenda kuimba katika harusi. Sikuandika matope. Sikuandika ng'ombe. Sikuandika malori ya matoke yanayosimama katikati ya njia huku madereva wakisalimiana. Kwaya ilifika bwana harusi akiwa ameshavua koti na wapishi wakisugua masufuria. Wakawaimbia wapishi nyimbo zote saba, na mwalimu wa kwaya akanirudishia karatasi yangu ya ratiba kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa, akisema, "Madamu, hii karatasi ni muzuri sana. Inakosa paka barabara." Paka, kwa Kiswahili chao, ni "tu".

Tangu siku hiyo nimepima njia kwa saa, si kwa kilomita, na saa hizo sikuzitoa kwenye ramani. Nilizitoa kwa Afande Bosco. Huyu alikuwa dereva wetu mkuu, mwanajeshi mstaafu wa kambi ya Mbarara, kambi ileile nilikozaliwa mimi na kujifunzia Kiswahili, kwa kuwa baba yangu alikuwa mwenzake. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita mutoto ya Afande, hata mbele ya wateja.

"Mutoto ya Afande, wewe naulizanga watu vibaya," aliniambia siku moja stendi, baada ya kunisikia nikimhoji dereva wa lori. "Huyu naenda. Yeye najua nini? Uliza ile narudi. Halafu hapana sikiliza mudomo yake. Tazama tairi. Kama matope iko nyekundu na kauka, njia iko mzuri. Kama iko nyeusi, inashika kama ugali, wewe nabaki nyumbani nakunywa chai."

"Na kama hakuna anayerudi?"

"Basi hiyo nayo ni jibu, nyabo."

Hilo lisomeni mara mbili, kwa sababu chuoni hamtalikuta. Na jingine: jeki ipakiwe mwisho, ili iwe juu. Nimewahi kuona watu wakipakua magunia ishirini ya mahindi kwenye mvua kuitafuta jeki iliyolala chini kabisa, kama mgonjwa.

Sasa nije kwenye safari yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, miaka michache kabla sijaacha kazi. Kikundi kimoja cha akina mama wa kanisa huko Kitgum, kaskazini, kilimwomba Mama Nabintu aende kuwafundisha kutengeneza sabuni. Mama Nabintu alikuwa mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, mwenye duka dogo Misiera, na sabuni yake ya mche ilijulikana hadi kambi ya Oruchinga. Ofisi yetu ilipewa kazi ya kumpeleka na kumrudisha. Nilipokwenda dukani kwake kuandika mahitaji, nilimkuta na mama yake mzazi, Bibi, ameketi kwenye mkeka akikata miche ya sabuni kwa waya. Bibi ndiye aliyeanza.

"Madamu, kule munaenda, ni karibu na milima ya mwisho?"

Nikamwuliza milima gani. Mama Nabintu akafunga mlango wa duka, akanieleza polepole. Mwaka 1996, walipokuwa wakikimbia vita, walitengana na dada yake mkubwa njiani. "Sisi tuliendaka huku, yaya, dada mukubwa, akaendaka kule na batu wa kaskazini. Tulimulilia sawa mutu alikufa. Sasa mwaka huu sista moja alipita hapa, akasema kuko mupishi wao, anaitwa Mapendo, anasema Kiswahili sawa yetu. Iko kwenye misheni yao, fasi ya milima, karibu na Sudani."

Na kulikuwa na jambo la pili. Jina la familia lilikuwa limeshatoka katika orodha ya wanaohamishiwa nchi ya ng'ambo. Mama Nabintu, Bibi na watoto watano walikuwa wapande basi la kwenda uwanja wa ndege Ijumaa, siku moja baada ya sisi kurudi kutoka kaskazini. Wakikosa basi hilo, faili lao lote lingerudi chini ya rundo, na walikuwa wamelingojea kwa miaka. Kwa maneno mengine, Mama Nabintu alikuwa na siku moja tu, Jumanne, ya kumwona dada yake, kwa kuwa Jumatano na Alhamisi zingeliwa na barabara ya kurudi. Baada ya hapo, bahari.

"Mimi siwezi tena gari, magoti yamekataa," Bibi akasema. "Weye ndiye unapanga. Panga muzuri, mutoto."

Mnaweza kufikiria jinsi nilivyolichukua neno lile. Usiku kucha sikulala kwa furaha ya kazi. Niliomba ofisi ya makazi ya wakimbizi iongeze wilaya ile kwenye kibali cha kusafiri cha Mama Nabintu, ikaongeza. Nilituma salamu misheni kwa redio ya masista, nikiwaambia mpishi wao asubiri nyumbani, tungefika saa nane mchana. Nikaandika ratiba kwa kalamu ya wino: kuondoka Kitgum saa kumi na mbili asubuhi, kufika mto wa mwisho saa sita kasorobo, mapumziko na chakula saa moja, kuvuka, kufika misheni saa nane, kuondoka saa kumi, kuuvuka tena mto saa kumi na moja jioni. Saa mbili za dada na dada. Nilizipigia mstari. Nikaamua kwenda na Mama Nabintu na Bosco, ili nizione kwa macho yangu.

Ile saa moja ya mapumziko ilikuwa fahari yangu. Chuoni tulifundishwa kwamba dereva aliyechoka ni hatari kwa kila aliye nyuma yake, nami nilikuwa nimegombana na wakubwa wa ofisi mwaka mzima mpaka haki hiyo ikaandikwa. Kwenye ramani, mto ule ulichorwa kwa nukta nukta, maana yake hauna maji ila msimu wa mvua. Msimu ulikuwa umekwisha. Nilitafuta kivuli njia nzima, nikaona miti mikubwa imeandikwa hapo tu, ndani ya mto. Nikaandika: chakula, mto wa mchanga.

Mafunzo ya sabuni yaliisha Jumatatu, na Jumanne tulitembea vizuri hadi nikaanza kuimba. Milima ilijitokeza upande wa mashariki, ya buluu, imekatwa kama meno. Njiani tulikutana na gari moja tu linalorudi, pikapu ya wauza mbuzi. Afande akalisimamisha, akazitazama tairi zake, akauma mdomo. Zilikuwa na mchanga mbichi, wa rangi ya kahawa, ingawa njia yetu yote ilikuwa kavu. Akarudi kwenye usukani, akaendesha moja kwa moja hadi ukingoni.

Mto ulikuwa mpana, hatua mia mbili au zaidi, mchanga mweupe mtupu, na miti ya migunga imesimama ndani yake kwenye kisiwa kidogo karibu na upande wetu. Juu yetu hapakuwa na wingu hata moja. Juu ya milima palikuwa na moja, jeusi, dogo kama kofia. Nililiona. Nataka mjue kwamba nililiona.

"Mutoto ya Afande," akasema Bosco, "mto iko kwa kuvuka kwanza. Chakula nakula ng'ambo."

"Afande, umeendesha saa sita. Ratiba inasema upumzike hapa."

Akanitazama. Akamtazama Mama Nabintu kwenye kioo. Mama Nabintu alikuwa ameikunja nakala yake ya ratiba mapajani, tangu asubuhi, kama watu wanavyoshika kitabu cha sala. Nikamwuliza kama anaona sawa tule hapa.

"Karatasi imesema hapa," akajibu. "Tukule hapa."

"Amri ni amri," akasema Bosco. Lakini gari aliliacha juu ukingoni. Nilipomwuliza mbona halishushi kivulini, akacheka. "Karatasi naandika watu napumzika kwa mto. Haiandiki gari."

Tukatandika mkeka mchangani. Chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai. Ng'ambo, chini ya mti, aliketi mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani, na pembeni yake wachunga ng'ombe wawili wamesimama kwa mguu mmoja mmoja. Mama Nabintu akamtazama kidogo. "Ule mama anangojea nani na jua hii?" Nikasema labda anangoja gari. Tukaendelea kula. Tulikula dakika arobaini. Nilizihesabu, kwa sababu niliona tunakwenda vizuri na ratiba.

Bosco akaanza kutusimulia jinsi alivyowahi kumwendesha kanali aliyeogopa vyura, mkubwa mwenye nyota begani, akipanda juu ya kiti cha gari na viatu vyake. Mama Nabintu akacheka. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha kupanda ngazi, na mto ule mkavu ukakibeba. Ng'ambo yule mwanamke akasimama. Akashuka mchangani hatua kama kumi, mikono imetangulia mbele kama ya mtu aliye gizani.

"Nabintu!"

Tulilisikia jina lile mara moja, wazi kabisa. Miaka kumi na sita, na alikijua kicheko. Mama Nabintu aliinuka na yai mkononi. Mdomo ukafunguka kumwita. Kabla sauti haijatoka nikasikia malori. Nikawaza, kuna msafara wa malori unakuja, wapi barabara yake? Bosco alikuwa ameshanishika mkono. "Panda! Panda! Mto!"

Alituburuta sote wawili. Nilipogeuka nilikuwa nimeshafika ukingoni, na kilichokuja nyuma yetu hakikufanana na maji. Kilikuwa ulimi wa povu la kahawia, wa kimo cha goti, ukisukuma vijiti, mavi ya ng'ombe na dumu moja la njano. Na nyuma ya ulimi ule ukuta. Mkeka ukaenda. Chupa ya chai ikaenda, imesimama wima, kama abiria. Ng'ambo wachunga ng'ombe walikuwa wamemkamata yule mwanamke kiunoni na kumrudisha juu, naye akipigana nao. Kisha sauti ya mto ikafunika kila kitu. Jua lilikuwa bado linawaka. Hakuna tone lililotudondokea.

Baadaye, kwa barua ya sista mmoja, nilipata kujua kwa nini Mapendo alikaa tu akitutazama tukila. Alikuwa ameshindwa kusubiri misheni, akashuka kwa miguu tangu alfajiri. Aliliona gari letu likifika. Lakini huko watu wanajua kwamba aliyekuja kuvuka huvuka. Gari lililosimama na watu wake wakatandika mkeka, akasema, si letu hilo. Hao ni wa kurudi walikotoka. Laiti tungepita moja kwa moja, angekuwa mikononi mwetu saa sita mchana, na maji yangetukuta mbali, upande uleule na yeye.

Dada hao wawili walikaa wakitazamana toka saa saba hadi saa kumi na moja. Kuitana hakukuwezekana, walijaribu mpaka sauti zikakauka. Basi wakaanza mikono. Mama Nabintu akainua vidole sita, akavionyesha juu kabisa, kisha akakunja kimoja. Nilielewa: watoto sita, mmoja hayupo. Mapendo akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Kisha naye akainua vidole vitatu. Mama Nabintu akapiga makofi, akaruka kama msichana. Mapendo akangoja amalize kuruka. Akakunja kidole kimoja. Akakunja cha pili. Akakunja na cha tatu, na ile ngumi akaiacha juu, hewani, kwa muda ambao sitaweza kuupima kwa saa yoyote.

Mama Nabintu akaketi chini.

Nimewahi kuona ajali, vijana wangu. Nimeona basi limelala ubavu. Hakuna kilichonishtua kama ngumi ile, kwa sababu nyuma yake niliona wino wangu: saa moja, mapumziko, mstari chini yake. Sheria ilikuwa nzuri. Niliiweka mahali pabaya, na nikaiweka mikononi mwa watu ambao maisha yao yote karatasi ndiyo iliyowaamuru. Askari huambiwa na karatasi aende wapi afe. Mkimbizi huambiwa na karatasi alale wapi, atoke lini, yeye ni nani. Kati yetu watatu ni mimi peke yangu niliyekuwa na uwezo wa kuidharau, na mimi ndiye niliyeiandika.

Saa kumi na moja maji yalikuwa yameshuka hadi kiunoni, lakini kasi ilikuwa ileile, na mchanga ulioloa ungelimeza gari. Wachunga ng'ombe walijaribu kwa fimbo, wakarudi. Bosco akaja, akaitazama saa yake, akaifunika kwa mkono wa shati.

"Karatasi inasema saa ngapi?" Mama Nabintu akauliza.

"Karatasi hii niliiandika mimi," nikamwambia. "Naifuta. Tunalala hapa. Kesho asubuhi utavuka kwa miguu."

Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonikata. "Na ile ya aviyo, Madamu? Nayo ni weye uliandika?"

Karatasi ya ndege sikuiandika mimi. Bibi na watoto watano walikuwa Misiera, mabegi yamefungwa. Akainua mikono yote miwili juu, akaishikilia hapo mpaka dada yake akainua yake. Kisha akageuka, akaingia garini, akakaa akitazama mbele.

"Mimi siwezi kuangalia," akasema. "Angalia weye. Uniambie kama angali anasimama."

Nikageuka kitini. "Amesimama," nikasema. Gari likaenda. "Bado amesimama." Niliendelea kusema hivyo hadi kwenye kona, na mara ya mwisho nilisema kweli.

Bosco akabadilisha gia. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Jeshi nafundisha: wewe nasema mara moja, halafu natii. Leo ilitakiwa mimi nasema mara mbili." Nikamwambia kosa ni langu. "Najua," akajibu. "Lakini mimi ndiye nilitazama tairi."

Tangu hapo, kila ratiba niliyoandika ilianza na maneno haya: mtu yeyote aliye garini anaweza kuibadilisha karatasi hii. Nawaomba myabakize. Lakini msiyategemee. Hakuna abiria aliyewahi kuyatumia hata mara moja, kwa hiyo itawabidi ninyi wenyewe kugeuka na kuuliza, na kuuliza tena, na kungoja jibu ambalo si la adabu.

Tulifika Misiera Alhamisi, jua likiwa bado juu. Njiani Mama Nabintu alikuwa ameniambia neno moja tu la maana: "Asanti, Madamu. Nimemusikia anaita jina yangu." Nilidhani nimekwisha kushtuka kiasi mtu anachoweza, asante ile ikanionyesha bado. Bibi alikuwa ameketi mlangoni katikati ya mabegi. Hakungoja salamu.

"Ulimushika?"

Mama Nabintu akapiga magoti mbele yake, akaanza kukaza fundo la begi lililokuwa tayari limekaza. "Nilimushika, Mama."

"Iko na mwili, ao ni mifupa?"

"Iko na mwili. Nguo yake inanuka moshi ya jikoni, sawa yako."

Bibi akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na batoto? Alizaa?"

"Batatu. Bote banakuwa bakubwa."

Bibi akanigeukia mimi. "Madamu, weye ulibaona? Ni kweli?"

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwakatalia wachungaji wa makanisa kuongeza jina moja la uongo kwenye orodha ya abiria. Mimi ndiye niliyewapa madereva barua za onyo kwa kubadili saa ya kufika. Nilimtazama Mama Nabintu. Hakuinua kichwa, vidole vyake vilikuwa kwenye fundo.

"Ni kweli, Bibi," nikasema. Na bila kuulizwa nikaongeza kwamba yule mdogo amefanana naye kabisa, hasa paji la uso.